Tundu la Kumi na Moja

Jumamosi, 1 Machi

Leo nimempeleka mke wangu kiwanjani. Kosa la mwaka! Ningejua ningemwacha nyumbani na cherehani yake.

Ilikuwa siku ya familia ya klabu yetu ya shabaha. Kila mwanachama aje na mtu wake, mtu wake apige risasi kumi za bure, tucheke, tunywe soda, turudi. Basi. Mke wangu, Mama Pacha, hakutaka hata kuja, alikuwa na magauni ya watu ya kumalizia. Nikambembeleza mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu. Nilitaka aone ninavyoheshimiwa. Pale klabuni naitwa Daktari, na yeye hajawahi kusikia mtu akiniita hivyo. Nyumbani mimi ni Baba Pacha (pacha wenyewe wako bweni), mleta mkate.

Na kweli alisikia. Watu wakaja na karatasi zao za shabaha kama kawaida, wakapanga foleni mbele ya benchi langu. Daktari, hebu nitazamie hii. Naitazama. Matundu yamepangana juu chini kama vifungo vya shati — huyu hatulizi pumzi, kifua kinapanda na bunduki inapanda nacho. Yametawanyika kushoto na kulia — kiwiko kinateleza. Mafungu mawili yaliyonuniana — ameinua shavu katikati ya kazi, akalirudisha pengine. Chini kulia, na mtu anatumia mkono wa kulia — ananyakua triga badala ya kuikamua polepole. Sina haja ya kumwona mtu akipiga. Nipe karatasi tu, nitakwambia hata kama ameamka vibaya.

Mke wangu alisimama nyuma ya kiti changu, anachungulia juu ya bega. Akasema kwa sauti ndogo, kumbe una akili hivi! Nilivimba kichwa, nikaongeza madoido. Mgonjwa wa mwisho nilimpa maelezo ambayo hakuyahitaji.

Halafu ikafika zamu yake. Akalala kifudifudi kwenye mkeka, akapiga zake kumi. Mara ya kwanza maishani kushika bunduki.

Karatasi ikaletwa. Matundu kumi — yote yanafunikwa na kizibo cha soda! Yako pembeni kidogo, juu kushoto, mbali na kitovu. Lakini kizibo cha soda! Mimi nimehangaika miaka na miaka, na hata sasa si kila Jumamosi naweza.

Makelele! Mzee wa Stoo, yule anayegawa bunduki, risasi na umbea, akasema, "Haya Daktari, msomee mgonjwa wako."

Ugonjwa gani? Hamna ugonjwa. Fungu dogo lililokaa pembeni maana yake ni moja tu: mtu hana kosa, kilengeo cha bunduki ndicho chenye kosa. Zungusha skrubu kidogo, fungu zima linahamia katikati. Ni somo la siku ya kwanza.

Nikasema, "Bahati ya mgeni."

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka. Mimi nikaiweka soda chini.

Mwisho wa mwezi klabu inachagua mtu mmoja wa kwenda mashindano ya taifa. Mtu mmoja tu, mwanamke au mwanamume. Mara mbili nimeshika nafasi ya pili. Mwaka huu ni wangu, kila mtu anajua. Sijui kwa nini naliandika hili leo.


Jumapili, 2 Machi

Anaimba kwenye cherehani. Kwa kawaida haimbi.

Ameuliza, Jumamosi ijayo tunakwenda? *Tunakwenda.* Tangu lini?

Kocha wa klabu amepiga simu. Kwenye simu yangu! Salamu za haraka haraka, hujambo sijambo, halafu, "Naomba nimsikie shemeji kidogo." Kidogo yake ilikuwa mpaka chai ikapoa. Huyu Kocha mimi namwita Marashi, kimoyomoyo. Akiingia getini unamsikia puani kabla hujamwona.


Jumatano, 5 Machi

Dukani kwetu, duka la miwani, kazi nyingi. Nimesaga lenzi za mteja mmoja kwa namba isiyo yake, nikarudia zote. Mwenye duka ameniangalia tu juu ya miwani yake. Ingekuwa afadhali angesema.

Jioni nimekuta mke wangu amelala kifudifudi chumbani na ufagio begani, analenga swichi ya taa. Nilicheka mpaka nikakaa chini! Naye akacheka. Nikaona aibu kumwacha hivyo, nikalala kando yake nikamfundisha. Nikamwambia, kabla hujatazama karatasi, sema risasi imekwenda wapi. Mlengaji wa kweli anajua. Mwili unamwambia palepale bunduki inapolia. Usiposema, hujui ulichofanya.

Akalenga. "Pah," akasema kwa mdomo. Halafu, "Juu kidogo. Hapana, katikati."

Nikamuuliza anafanyaje kutulia vile. Akaona swali la ajabu. Akasema akitunga uzi kwenye sindano huwa anaachia pumzi nusu, anangoja mkono unyamaze, basi. Kila siku, tangu alipokuwa msichana.

Basi! Mimi hilo la kuachia pumzi nusu nilifundishwa na makocha watatu, na likanichukua misimu miwili kulielewa. Yeye kalipata kwenye magauni ya watu.

Ilikuwa jioni nzuri, nisiseme uongo. Chakula kiliungua kidogo, tukala hivyo hivyo. Lakini donge lilikuwepo, sahani nikaisukuma kabla haijaisha.


Jumamosi, 8 Machi

Amepiga tena. Kizibo cha soda tena. Mahali palepale, juu kushoto. Hiyo si bahati, na mimi najua si bahati.

Akaja kwenye benchi langu. Hakujipenyeza kwa kuwa ni mke wangu, la! Alipanga foleni kama watu wengine, karatasi mkononi, nyuma ya yule dereva mnene anayefumba macho yote mawili. Ilipofika zamu yake akasema, kwa heshima kabisa, "Daktari, nitazamie."

Ilikuwa niseme neno moja. Kilengeo. Mwambie Mzee wa Stoo azungushe skrubu. Neno moja!

Nikasema, "Pumzi. Unaiachia mapema. Ivute yote, kifua kijae, uikaze, ndipo ufyatue."

Sijui ilitoka wapi. Ilitoka tu, tena kwa sauti ya kidaktari, na kidole changu kikielekeza matundu kana kwamba yanathibitisha. Akaitikia kwa kichwa. Akarudi mkekani. Nikamwona mgongo unapanda, umekaza, shingo imesimama.

Karatasi ya pili ilikuja matundu yamejipanga juu chini kama vifungo vya shati.

Alitahayari. Mimi nikamwambia, unaona sasa? Tatizo ni pumzi, fanya mazoezi.

Hicho ni kijiba cha roho, nakiandika hapa kwa jina lake. Halafu nikala chakula cha jioni vizuri sana. Nikaongeza.


Jumatatu, 10 Machi

Anafanya mazoezi ya pumzi niliyompa. Kwa ufagio. Leo amekaza mpaka akaona kizunguzungu, ikabidi aegemee kabati.

Nimemletea maji.


Jumamosi, 15 Machi

Siku mbaya!

Marashi alikuwa anapita nyuma ya mistari ya kulengea, mikono kiunoni. Akafika kwa mke wangu, akasimama. Yeye husema siku zote kwamba hasomi karatasi, anasoma miili, karatasi ni za Daktari. Sawa. Akausoma mwili wa mke wangu! Akauliza, nani kakufundisha kuvuta pumzi namna hiyo? Mke wangu akasema — nilisikia kwa masikio yangu, niko mistari miwili tu kutoka pale — "Nimejaribu tu mwenyewe."

Hakunitaja.

Marashi akalala kwenye mkeka wa pembeni. Suruali nyeupe, kwenye vumbi! Akamwambia, pumua kama unavyopumua ukishona. Akamshika kiwiko, akakisogeza. Kiwiko hakikuwa na shida yoyote, nakijua kile kiwiko! Halafu akachukua bisibisi, akazungusha skrubu ya kilengeo. Tik, tik, tik.

Matundu kumi. Kitovu hakikuonekana tena, palikuwa na shimo moja limetafunwa kama panya kapita.

Watu walipiga makofi. Yule dereva mnene alimnyanyua mkono juu kama bondia. Karatasi ile haikuja kwenye benchi langu. Ilikwenda moja kwa moja ukutani, Mzee wa Stoo akaibandika karibu na dirisha lake ambapo kwa muda mrefu ilikuwa imebandikwa moja ya zangu. Yangu aliikunja vizuri akanipa. Eti nisije nikasema ameitupa.

Tukashika njia ya nyumbani. Tulipofika kwenye duka la mkate akauliza, "Baba Pacha, ile pumzi yangu ya mwanzo ilikuwa na shida gani hasa?"

Nikasema, "Ilikuwa... ilikuwa imekaa vibaya."

Akasema, "Aha."

Ningependa anigombeze. Watu wengine wanagombezwa, wanaomba radhi, wanalala. Mimi nimepewa *aha*.


Jumapili, 16 Machi

Marashi amekuja nyumbani. Ndiyo, nyumbani kwangu! Ameleta suruali mbili zipunguzwe. Mtu anaishi upande wa pili wa mji, mafundi cherehani wamejaa kote huko, anakuja kwetu.

Amepimwa. Sebuleni. Mke wangu amepiga goti na futikamba, pini mdomoni, anapima mguu wa Marashi, na Marashi anatazama dari kama mtakatifu. Wanazungumza habari za kilengeo. Mke wangu anajibu kwa mdomo uliojaa pini, na Marashi anamwelewa! Mimi mwenyewe akiwa na pini simwelewi.

Nilikaa kwenye kochi nikifuta miwani yangu. Niliifuta mpaka mkono mmoja wa miwani ukang'oka.

Nikampigia simu dada yangu mkubwa. Nikamweleza yote, kwa urefu. Akanisikiliza, halafu akauliza, hivi wewe unamwonea wivu Kocha kwa ajili ya mkeo, au unamwonea mkeo kwa ajili ya Kocha? Nikamwambia hiyo si hoja. Akacheka mpaka akakohoa. Kabla hajakata akaniambia, acha utoto, mume mzima.

Suruali zimekunjwa juu ya meza. Zinanukia. Nyumba nzima inanukia.


Alhamisi, 20 Machi

Leo mchana dukani palikuwa shwari, nikajipima macho kwenye ile mashine. Mimi ni mashoto, nalenga kwa jicho la kushoto. Nilijua nitakachokikuta, ndiyo maana nimekuwa nikiikwepa mashine tangu mwaka jana.

Jicho limeshuka. Si kidogo. Kazi yangu ni lenzi, namba naijua inavyotembea. Mwakani kile kilengeo cha mbele kitakuwa ukungu, na hakuna kioo cha kunisaidia nilenge kama zamani. Kwa hiyo ni mwaka huu. Hakuna mwakani.

Sikumwambia mtu. Hata yeye. Hasa yeye. Nikamsagia mteja lenzi zake, safari hii kwa namba sahihi.

Yeye ana macho ya kunguru, tena ndiyo kwanza ameanza. Anayo miaka mbele, chungu nzima. Angengoja tu! Kwa nini hawezi kungoja?


Jumamosi, 22 Machi

Mchujo wa kwanza. Mama Pacha naye yumo, Marashi ameshamwandikisha uanachama. Wamebaki wawili, na wote wawili wanakaa nyumba moja.

Mzee wa Stoo alitangaza kwa kipaza sauti, hakuweza kujizuia. "Kitanda kimoja, nafasi moja!" Watu wakavunjika mbavu. Mama Pacha akaficha uso kwenye koti. Mimi nilicheka pia, meno yote nje. Mashavu yananiuma mpaka sasa.

Nimepita, lakini nimeisoma karatasi yangu mwenyewe, nikiwa chooni, mlango nimefunga. Nane nzuri. Mbili zimekimbilia chini kulia. Kwa mtu wa mkono wa kulia hiyo ingekuwa kunyakua triga. Kwa mashoto ni jambo jingine: ninasukuma bega mbele kabla bunduki haijalia, na mdomo wake unazama. Ni ugonjwa wa mtu mwenye hasira. Nimewaambia wangapi maneno hayo! Rudi nyumbani, upoe, uje kesho. Mimi mwenyewe nyumbani ndiko nisikopoa.

Nikaichana vipande vidogo, nikavuta maji.


Jumatano, 26 Machi

Nimetoka kazini nimekuta koti langu la shabaha limelala kwenye cherehani. Ameshona kiraka kipya cha ngozi kwenye kiwiko cha kushoto. Sikumwomba. Mishono midogo, imekazwa mara mbili, huwezi kuona mwanzo wala mwisho.

Akasema kile cha zamani kilikuwa kimelainika, kiwiko kinateleza. Halafu, akiwa anakata uzi kwa meno, bila kunitazama, "Tena fungu lako limeanza kutembea kulia. Unasukuma."

Nilipigwa na butwaa. Nikamuuliza nani kakwambia. Kocha? Akasema hapana, Kocha hajui karatasi. Akasema amekuwa akisimama nyuma yangu kila Jumamosi nikiwasomea watu. Anasikiliza. Eti karatasi ni kama gauni lililokosewa, ukilitazama vizuri unamwona fundi alipokuwa amekasirika.

Sasa anasoma pia! Nilikuwa na kitu kimoja duniani ambacho ni changu peke yangu.

Nikavaa koti. Linanikaa vizuri kuliko lilipokuwa jipya. Nikasema ahsante, na sauti ikatoka kama ya mtu anayedaiwa. Yeye akaendelea kukata nyuzi. Nilitaka kumwambia habari ya jicho. Nilikuwa nimeshafungua mdomo! Simu yake ikalia, mteja wa gauni, na mimi nikaenda kuoga.


Ijumaa, 28 Machi

Kesho.

Nimetamani apate mafua. Mafua madogo tu, ya kupiga chafya mara mbili tatu. Halafu asubuhi akapiga chafya kweli, nikakimbia kumletea shuka. Mimi sijielewi.


Jumamosi, 29 Machi

Naandika nikiwa nyuma ya stoo, nimekaa kwenye kreti la soda. Wameniambia ningoje hapa, wataniita. Ngoja niandike kama ilivyokuwa, kichwa kinanizunguka.

Mimi mstari wa nne, yeye wa tano, kulia kwangu. Risasi kumi kila mmoja, karatasi moja kila mmoja. Watu wamejaa nyuma ya kamba. Nilianza vizuri! Bega limetulia, kiraka kimeng'ang'ania mkeka, jicho limenihurumia. Saba za kwanza zilikwenda nilikozituma.

Halafu nikageuza darubini.

Kila mtu ana darubini yake kando ya mkeka, ya kutazamia karatasi yake. *Yake.* Mimi nikaigeuza kulia nikatazama ya mke wangu. Mara moja tu, nikajiambia. Nikarudi, nikashindwa, nikaigeuza tena. Kitovu chake kilikuwa kimeliwa chote. Hata hatoki jasho! Anatia risasi kama anavyotia uzi, na mwakani atatia tena, na mwaka ule mwingine, na mimi nitakuwa nimekaa nimemshikia mkoba.

Nikarudi kwenye bunduki na mwili bado umepinda kulia. Nikaona duara jeusi kwenye kilengeo, nikafyatua.

Nilisukuma. Nilijua kabla mlio haujaisha: chini kulia. Ningeweza kuchora mahali penyewe.

Nikairudisha darubini kwenye karatasi yangu. Hamna tundu. Nikatafuta pembeni, chini, kwenye ubao. Hamna! Ndipo nikapandisha jicho taratibu kwenye namba iliyo juu ya ile shabaha niliyokuwa nimeilenga. Tano.

Nimeipiga karatasi ya mke wangu.

Kosa hili huwapata wageni, siku ya kwanza, na sisi huwacheka mpaka machozi. Mimi ndiye hucheka kuliko wote.

Mbili zilizobaki nilizipiga kwa utulivu wa ajabu. Kitovu, kitovu. Sijui utulivu ule ulikuwa umejificha wapi.

Karatasi zikaletwa. Yangu matundu tisa. Yake kumi na moja. Marashi akahesabu, akahesabu tena, akampa Mzee wa Stoo naye ahesabu. Watu wakasogea mpaka kwenye kamba. Kwangu mambo ni wazi: risasi iliyoingia kwa jirani ni sifuri kwa aliyeipiga, nabaki na themanini na saba. Lakini kwake? Lazima tundu langu liondolewe, na kwenye karatasi matundu hayaandikwi majina. Kumi yako katikati. Moja liko chini kulia, mbali, kwenye duara la alama nne.

Marashi akanivuta pembeni. Kwa mara ya kwanza hakunukia kitu, au pua yangu ilikuwa imekufa. Akasema, tazama Daktari, hili bovu linaweza kuwa la Mama Pacha. Mkono wa kulia, akinyakua triga linakwenda hapo. Linaweza kuwa lako. Mashoto, ukisukuma bega linakwenda hapohapo. Likiwa lako, tunaliondoa, ana tisini na mbili, anakwenda yeye. Likiwa lake, tunaondoa moja la katikati, la alama kumi, linabaki hilo bovu, anapata themanini na sita. Alama moja chini yako. Unakwenda wewe.

Nikasema, "Sasa?"

Akasema, "Mimi nasoma miili, na macho yangu yalikuwa kwenye saa. Karatasi yenye ubishi husomwa na msomaji wa klabu, ndiyo kanuni yetu tangu zamani. Msomaji wa klabu ni wewe. Hatujawahi kukutilia shaka, hatutaanza leo. Kapumzike kidogo, tukishaandaa meza utaitwa useme."

Na kweli hawatanitilia shaka. Nimewatazama nyuso zao nikipita. Wananiamini! Hata dereva mnene ananiamini.

Themanini na saba. Jicho la kushoto. Hakuna mwakani.

Nilikuwa nimefika hapo kuandika, mke wangu akaja. Na soda mbili. Akageuza kreti jingine akakaa, magoti yetu yanagusana. Tukanywa. Akaangalia kiwiko changu, akakuta uzi mmoja umechomoza kwenye kiraka, akaukata kwa kucha.

Halafu akasema, "Lile bovu ni langu. Nilinyakua triga."

Nikamuuliza, "Risasi ya ngapi?"

Akasema, "Sikumbuki."

Hakumbuki! Huyu ambaye tangu siku ya ufagio hajapiga risasi bila kusema imekwenda wapi. Huyu anayekumbuka kola ya gauni alilomshonea jirani kabla pacha hawajazaliwa. Nikamtazama usoni. Hakuna alichokificha, ndilo lililonitisha. Alikuwa anangoja tu, kama anavyongoja mkono unyamaze.

Nikasema, "Mama Pacha..."

Akanikatiza. Bila hasira; ingekuwa hasira, angalau ningeishika nikajitetea nayo! Akasema, "Wewe ndiye Daktari. Utakavyosema mimi nitakubali. Si nilikubali ile ya pumzi?"

Akachukua chupa yangu tupu, akaweka kidole kimoja kwenye shingo ya kila chupa, akaondoka nazo. Nimebaki nimeshika kalamu.

Kocha ameita.

Kutoka hapa naona benchi langu. Wamelileta katikati ya uwanja, wameweka karatasi juu yake na mawe mawili pembeni isipeperuke. Watu wamezunguka, hakuna anayesukumana. Mke wangu amesimama nyuma ya kiti changu, palepale aliposimama siku ile ya soda, siku aliyosema kumbe nina akili. Nikikaa, bega langu litakuwa chini ya kidevu chake, na kila nitakachokiona mimi atakuwa anakiona.

Ameita tena. Mzee wa Stoo naye anaita, kwa kipaza sauti, "Daktari! Mgonjwa anakungoja!" Safari hii hakuna anayecheka.

Nakuja. Nakuja, mkono tu huu utulie kidogo, niachie pumzi nusu —